Somo: maafa ni nini na unajiandaa vipi (mnaonifuata inboksi, someni hapa)

Wiki hii nimeulizwa mara nne kama tetemeko ni maafa. Tetemeko ni hatari. Maafa ni pale linapowakuta watu ambao nyumba zao haziwezi kulihimili. Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.0, wakafa makumi ya maelfu. Mwezi uliofuata likaja la 8.8 kule Chile, waliokufa hawakufika elfu moja. Sawa, la Haiti lilipiga karibu na jiji, lakini Chile walikuwa wamejenga kwa kanuni za kuhimili matetemeko.

1. Jua aina za hatari. Za asili: matetemeko, volkano, mafuriko, vimbunga, ukame, magonjwa ya mlipuko. Za mkono wa binadamu: moto, gesi ya sumu kuvuja (Bhopal, India, 1984), ajali ya nyuklia (Chernobyl, Ukraine, 1986).

2. Orodhesha hatari zinazoweza kufika ulipo.

3. Punguza makali mapema: zibua mitaro, funga kabati ukutani.

4. Begi la dharura: maji lita 4 hivi kwa mtu kwa siku, ya siku 3, dawa, tochi, redio, nakala za vyeti.

5. Mawasiliano. Hapa nilichemsha. Mafuriko yalikuja usiku, na mpango wetu wote ulikuwa "tutapigiana simu". Mtandao ukakata. Mdogo wangu alishapanda mlimani kitambo, mimi nikarudi ndani kumtafuta, maji yananifika magotini. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, sikujua. Chagueni mahali pawili pa kukutania, pa karibu na pa nje ya mtaa. Namba ziandikwe kwenye karatasi. Tuma meseji, mara nyingi hupenya pale simu inapogoma. USIRUDI NDANI. Na zoezi lifanyeni usiku, taa zimezimwa. La mchana linadanganya.

6. Janga likitokea: watu kwanza, mali baadaye.

7. Kurejesha hali: ukijenga upya udhaifu ule ule, unasubiri tu awamu ya pili. Rudi namba 3.

MASWALI

Chapuchapu: Mkuu, kwenye begi niweke nini?
– Namba 4.

Chapuchapu: Si ungenitumia tu inboksi?
– Ungeshamaliza kuisoma.

Mdadisi: Pwani isiyo na king'ora, mtu atajuaje tsunami inakuja?
– Hilo ndilo swali. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, bahari ikirudi nyuma ghafla, au ikinguruma, panda juu, usingoje tangazo. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, wazee walisimulia tsunami ya 1907 kizazi hadi kizazi, wakaiita smong. Tsunami ya 2004 ilipokuja, watu wakakimbilia vilimani. Kati ya makumi ya maelfu ya wakazi, wimbi liliua wachache wa kuhesabika kwa vidole. Na usishuke baada ya wimbi la kwanza, linalofuata laweza kuwa kubwa zaidi.

Fundi: Umeme ukikatika, jenereta naweza kuliwasha ukumbini, madirisha wazi?
– Usithubutu. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na madirisha hayatoshi. Liwe nje, mbali na mlango. Jiko la mkaa vilevile.