Kuhamia jimbo jingine Marekani kwa chuo au kazi: anza na ukazi

Vyuo vikuu vya umma Marekani vina ada mbili, ya mkazi wa jimbo na ya anayetoka nje, na hii ya pili mara nyingi ni maradufu au zaidi. Kabla ya kufunga mizigo, jua utahesabiwa wapi.

Kupanga chumba kwa mwaka hakukufanyi mkazi. Majimbo mengi hudai miezi 12 kabla ya muhula, pamoja na ushahidi kwamba hukufuata masomo tu: leseni ya udereva, kodi ya mapato iliyolipwa huko, usajili wa kupiga kura kwa raia. Na ukiwa chini ya miaka 24 huku wazazi wakikutunza, kwa kawaida ukazi wako ni ule wa wazazi.

Kwa majimbo ya Magharibi kuna mpango wa WUE (Western Undergraduate Exchange), wa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotoka jimbo moja la huko kwenda jingine: hulipi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Uliza kwanza kama kozi yako imo, maana uuguzi mara nyingi huachwa nje, kisha omba mapema kwa sababu nafasi huisha. Wengi hunaswa hapa: muda unaosoma kwa ada ya WUE hauhesabiwi kuelekea ukazi. Usipange kuanza na WUE ili baadaye ugeuke mkazi. Kusini kuna Academic Common Market, mpango wa kulipa ada ya mkazi kwa kozi ambazo vyuo vya umma vya kwenu havitoi. Kumbuka pia kutoa kwenye hesabu ufadhili utakaouacha nyuma. HOPE, ufadhili wa masomo wa jimbo la Georgia, hutumika katika vyuo vya Georgia pekee.

Unayehamia kazi, mwambie mwajiri abadilishe jimbo la makato ya kodi siku ya kwanza. Akichelewa, kodi itaendelea kwenda ulikotoka, nawe utaidai kwa fomu. Mwaka wa kuhama, tarajia kujaza ritani za majimbo mawili, isipokuwa mahali kama Texas au Florida ambako mshahara hautozwi kodi ya jimbo. Texas inakupa siku 30 kusajili gari na 90 kubadilisha leseni. California, siku 10 tu kwa leseni. Muuguzi anayehama kati ya majimbo yaliyo kwenye mkataba wa kutambuliana leseni za uuguzi aombe mpya ndani ya siku 60.

Bima ya afya ya mzazi hukubeba hadi miaka 26, lakini piga simu uulize kama ina madaktari unakokwenda. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haivuki mpaka wa jimbo: funga ya zamani, omba upya ukifika.