Somo: Kunoa mazungumzo katika muswada wa riwaya

Miswada mingi ya wanaoanza huangukia kwenye mazungumzo: wahusika wote wanaongea kwa sauti ya mwandishi. Subiri rasimu ya kwanza iishe, kisha shika sura moja moja.

Hatua ya 1. Soma sura kwa sauti, kalamu mkononi. Ulimi ukikwama, weka alama tu, usirekebishe bado.

Hatua ya 2. Kata salamu. Hapa ndipo kurasa nyingi hupotea, maana kwetu salamu ni ndefu kweli na mwandishi huzinakili zote. Bakiza ile inayobeba jambo. Tazama:

"Shikamoo mama." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo. Za tangu juzi?" "Nzuri tu."

Sasa hii:

"Za hapa," Juma alisema.
Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele. "Siku hizi shikamoo imekwisha?"

Mistari miwili, ugomvi umeshaanza, na hakuna aliyeelezwa kuwa amekasirika.

Hatua ya 3. Futa majina ya wasemaji kwenye nakala moja, mpe mtu asome. Akishindwa kujua nani ni nani, rudi kwa kila mhusika: ana umri gani, katokea wapi, anamwitaje mwenzake. Bibi wa Lamu na kondakta wa daladala ya Mbagala hawakatai jambo kwa maneno yaleyale.

Hatua ya 4. Ondoa "kwa hasira", "kwa huzuni". Maneno yenyewe yasipoonyesha hasira, yaandike upya.

Maswali ya wanachama

*Lugha ya mtaani inaruhusiwa?*
Mdomoni mwa mhusika, ndiyo. Kinachoharibu ni kumpa mtu mmoja misimu ya Nairobi na ya Dar es Salaam bila sababu.

*Nikimaliza nipeleke wapi?*
Anza na tuzo zinazopokea miswada: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika kabla hujachapisha hata sura moja mtandaoni. Kuchapisha mapema kunaweza kukufungia mlango.

*Nikichapisha mwenyewe, ISBN (namba ya kutambulisha kitabu) naipata wapi?*
Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya ni KNLS, yaani huduma ya maktaba ya taifa. Omba namba mbili ukitoa kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, kwani kila toleo lina yake.