SOMO: Dokta kaandika kipimo kisicho chenyewe, ufanyeje kabla sampuli haijatupwa

Habari zenu wapendwa. Somo la leo ni refu kidogo ila naomba mlisome lote, maswali nimeyaweka chini na majibu yake.

Naanza na yaliyotukuta. Mama yangu ana presha, siku hiyo dokta akasema kabla hajamuongezea dozi anataka aone figo zikoje, akaandika fomu, tukaenda maabara, mama akatolewa damu, tukakaa kwenye benchi zaidi ya saa tatu. Majibu yalipotoka yule dokta alishaondoka, tukamkuta mwingine wa zamu, akayaangalia akasema haya yako safi mama, nendeni mkaendelee na dawa. Mama akafurahi akaanza kukunja mtandio wake aondoke. Mimi nikaichukua ile karatasi nikaisoma mstari kwa mstari, naona ALT, AST, bilirubini, natafuta kreatinini siioni, natafuta yurea hamna, na hizo mbili ni taka za damu ambazo figo huzichuja, ndo zinaonyesha figo zikoje. Nikaomba fomu ya mwanzo, kumbe imeandikwa LFT, vipimo vya ini, badala ya RFT ambavyo ndo vya figo. Herufi moja tu jamani. Majibu yalikuwa mazuri kweli, ila ya kiungo ambacho hakuna mtu alikuwa na wasiwasi nacho!

Na hapo ndo hatari yenyewe ilipo. Kipimo kikikosewa halafu majibu yakaja mabaya, kila mtu atashtuka na kuuliza. Yakija mazuri mnaenda nyumbani mmetulia, na ile shida ya kweli inabaki haijaguswa.

HATUA YA 1: Jua kosa ni la aina gani

Maana siyo yote yanatatuliwa kwa njia moja. Kuna dokta kuandika kipimo kingine kabisa kama kwetu. Kuna kusahau, mmeongea vipimo vitatu kwenye fomu viko viwili. Kuna kipimo sahihi ila jina siyo lako, au umri, au upande, mguu wa kushoto unauma imeandikwa kulia. Kuna kipimo sahihi wakati siyo, mfano kuotesha mkojo wakati umeshaanza antibayotiki, wadudu wanaweza wasiote kabisa na ukaambiwa huna kitu. Au ile rapidi ya malaria kurudiwa siku chache baada ya kumaliza dozi, aina nyingi za rapidi zinaweza kuendelea kusoma chanya hata wiki kadhaa kwa sababu zinanasa protini ya mdudu na hiyo protini inabaki kwenye damu hata mdudu akishakufa, kwahiyo mtu anapewa dozi ya pili bure, hapo anatakiwa aangaliwe kwa darubini. Halafu kuna hili la mwisho ambalo watu wengi hawalihesabu, kipimo kilikuwa sahihi na majibu yalitoka ila hakuna dokta aliyeyasoma, yamekaa tu kwenye faili. Kimya cha hospitali msikichukulie kwamba uko salama, fuatilia majibu yako.

HATUA YA 2: Wahi maabara kwanza

Hapa ndo watu wanapokosea, wanakimbilia kwenda kugombana na dokta wakati damu yao kule maabara muda wake unakwisha. Nenda dirishani uliza hivi: "Sampuli yangu bado ipo? Mnaweza kuiongezea kipimo?" Kuongezea kipimo kwenye damu ambayo imeshatolewa ni kitu cha kawaida kabisa, ila kila maabara ina muda wake wa kutunza, ikipita wanamwaga.

Siyo kila kichupa kinafaa kila kipimo, ndo maana nataka mjue kidogo kuhusu vile vifuniko vya rangi. Kwenye maabara nyingi zambarau ni ya picha kamili ya damu, na HbA1c (kile kipimo cha sukari ya kama miezi mitatu iliyopita) inatoka humo humo, kwahiyo kama dokta alisahau HbA1c na umetoa damu ya zambarau kuna uwezekano mkubwa usichomwe tena. Figo, ini na thairoidi (ile tezi ya shingoni) mara nyingi zinatoka kwenye chupa nyekundu au ya njano, ile ambayo damu inaachwa igande halafu maji yake yanatenganishwa. Kijivu ni sukari. Bluu ni ya kuangalia damu inavyoganda.

Msiombe wachukue ya zambarau wapime figo. Ile dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo ndani yake kwa kawaida ina potasiamu, kwahiyo potasiamu yako itasoma juu kupita kiasi na kalsiamu itashuka, utaambiwa uko mahututi na wewe umesimama. Sukari nayo, kama damu imekaa bila kutenganishwa wala kuwekewa kizuizi, chembe za damu zenyewe zinaendelea kuila ile sukari, inapungua kama asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa. Ya asubuhi ukiipima jioni inaweza kusema huna kisukari wakati unacho. Hapo kubali kuchomwa tena, ni kwa faida yako.

Kwa mama yangu ilikuwa hivi. Yule kijana wa maabara alifungua friji akatoa kichupa akakiinamisha nikione, damu nzito iko chini, katikati kuna kitu kama jeli kimezuia, juu kuna maji ya njano yametulia. Akasema haya maji ndo tunayotaka, dada, tulishayatenganisha mapema, figo inapimika hapa hapa, niletee tu fomu ya dokta. Hiyo fomu ni lazima, maabara haiwezi kupima kwa maneno ya mgonjwa, kwahiyo wakikwambia kaandikiwe upya hawakusumbui, ndo utaratibu. Waombe tu wasiimwage mpaka urudi, na uchukue jina la uliyeongea naye.

HATUA YA 3: Rudi kwa dokta na karatasi mkononi

Usianze na "umekosea". Najua unakuwa na hasira, mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka, lakini lengo ni kipimo kifanyike leo. Sema hivi: "Dokta, tuliongea kuhusu figo, ila hapa kwenye fomu naona vipimo vya ini, naomba tuhakikishe kama ndicho ulichokusudia." Ukishasema nyamaza aangalie. Dokta wengi wakiona wanarekebisha palepale na wengine wanaomba radhi kabisa.

Na uwe tayari kusikia kwamba siyo kosa. Kipimo kimoja kinaweza kuwa na majina mawili matatu, figo mwingine anaandika RFT mwingine U&E. Thairoidi dokta anaweza kuandika TSH peke yake, ukaona kaandika vichache, kumbe ndicho cha kuanzia na zingine zinafuata kama hicho hakijakaa sawa. Kama ana sababu muulize akueleze mpaka uelewe, ni haki yako.

Dokta mwenyewe akiwa hayupo usisubiri zamu yake irudi, aliyepo anaweza kusoma faili na kuandika. Yule wa zamu ndo alituandikia sisi.

HATUA YA 4: Faili lisahihishwe

Hii watu wanairuka. Kosa likibaki kwenye faili dokta wa mwezi ujao atalisoma kama ukweli. Marekebisho mazuri hayafutwi wala kupakwa rangi nyeupe, panapigwa mstari mmoja, pembeni panaandikwa kilicho sahihi, tarehe na saini ya aliyerekebisha, cha zamani kinabaki kinasomeka. Kwenye kompyuta inaongezwa taarifa mpya. Na kama umekuta majibu ya mtu mwingine kwenye faili lako, sema hapo hapo tena kwa mkazo, maana kuna mgonjwa mwenzio mahali fulani anasubiri hayo majibu au kapewa ya kwako.

HATUA YA 5: Hela

Usilipe mara ya pili kabla hujauliza. Onyesha risiti na fomu zote mbili, omba kipimo kibadilishwe bila malipo kwa sababu kosa limetokea kwao. Kama unatumia bima hakikisha kile kisichohitajika hakidaiwi.

HATUA YA 6: Wakikataa

Andika barua kwa mkuu wa kituo. Fupi tu, tarehe, saa, nani alisema nini, kipimo kipi kilitakiwa na kipi kilifanyika, unaomba nini. Baki na kopi iliyogongwa muhuri kwamba wamepokea. Isipojibiwa kuna chombo kinachosajili madaktari, kazi yake mojawapo ni kusikiliza malalamiko. Kama mtu ameumia kweli kwa sababu ya hilo kosa, muone mwanasheria mapema, kesi za namna hii zina muda wa mwisho wa kufungua.

Majibu ya mama yalitoka jioni ile ile. Kreatinini ilikuwa juu. Dawa aliyotaka kuongezewa haikuongezwa, akabadilishiwa.

MASWALI YENU

Mama Mapacha: Mwanangu ana miaka miwili, kachomwa, wanasema damu imeharibika warudie. Naweza kukataa? Dokta ndo kakosea?

Jibu: Kukataa unaweza dada, ila uliza kwanza imeharibikaje. Mara nyingi kwa watoto chembe zinapasuka wakati wa kuvuta, potasiamu iliyokuwa ndani ya chembe inamwagika nje na majibu yanadanganya. Hapo dokta hana kosa, na kurudia ni bora kuliko kutibiwa kwa namba ya uongo. Cha kuomba ni dokta aangalie fomu yote tena ili vyote vitoke kwa mchomo mmoja, damu ya mtoto ni kidogo.

Msafiri: Mkuu mimi wamenipiga eksrei mguu siyo, halafu wakanipiga na ule unaouma. Mionzi itanidhuru?

Jibu: Pole sana. Eksrei ya mguu ina mionzi kidogo mno, chini ya ile unayopata kwa siku moja tu ya kuishi duniani, maana ardhi na anga vinatoa mionzi muda wote, hapo usikose usingizi. Siti skani ya tumbo ndo habari nyingine, ile inaweza kufika ya miaka kadhaa, na mwanamke anayehisi ana mimba aseme kabla ya picha yoyote. Ila kosa lako liripoti, leo mguu kesho ni upasuaji.

Asiyetajwa: Nimekuta kwenye majibu wamenipima HIV na hakuna aliyeniambia. Ni sawa?

Jibu: Siyo sawa. Shirika la Afya Duniani linataka mambo matano kwenye kipimo hicho: uridhie, iwe siri, upewe ushauri, majibu yawe sahihi, na uunganishwe na huduma. Omba kuonana na mkuu wa kituo faragha, uliza nani aliandika na nani ameyaona hayo majibu. Na kama kimesoma chanya usikichukulie kipimo kimoja kama mwisho, tangu 2019 shirika hilo hilo linapendekeza vipimo vitatu tofauti vinavyofuatana vyote visome chanya ndipo mtu aambiwe anao. Usikae na hili peke yako ndugu yangu, rudi wamalizie.

Fundi Seremala: Maabara moja imeniandikia sukari 7.0, nyingine 126, siku ile ile asubuhi sijala. Ipi imekosea?

Jibu: Hamna iliyokosea kaka. Vizio tu vimetofautiana, chukua 7.0 zidisha kwa 18 unapata 126. Lakini hiyo namba yenyewe usiipite, kwa mtu ambaye hajala kwa saa 8 au zaidi hapo ndo mstari wa kisukari unapoanzia. Kama huna dalili dokta atataka kirudiwe siku nyingine au ufanye HbA1c kabla ya kusema lolote. Nenda wiki hii.

Dada wa Mwisho: Karatasi yangu ina kale kaherufi H (yaani iko juu) kwenye kipimo kimoja, dokta hajasema kitu. Amekosea?

Jibu: Inawezekana hapana. Ile mipaka ya kawaida kwa vipimo vingi imewekwa kwa kuchukua asilimia 95 ya watu wazima wenye afya nzuri, maana yake mtu mmoja kati ya 20 asiye na ugonjwa wowote atatoka nje ya mstari. Muulize tu "hii H umeiona, na unaionaje?" Akikujibu ameiona na sababu yake, basi. Akishtuka, umemsaidia.

Baba Neema: Mke wangu kaanzishiwa dawa kwa majibu ambayo leo tumegundua siyo yake. Aache?

Jibu: Piga simu au nenda leo leo, usisubiri kliniki. Msiache wenyewe kabla ya kuongea na dokta au mfamasia, zipo dawa kama za kifafa, za steroidi na baadhi za presha, ukizikata ghafla unaleta tatizo jingine. Kama ana vipele, kuvimba uso au kupumua kwa shida hiyo ni dharura, mpeleke sasa hivi. Beba dawa zenyewe na pakiti zake, karatasi ya majibu yenye jina la yule mtu mwingine, na andika siku aliyoanza na vidonge vingapi ameshameza.