Mche wa mkarafuu hufa kaskazi: namna ya kuuvusha kiangazi cha kwanza

Kila masika, katika vijiji vya ndani ya Pemba, kuanzia Ole mpaka Mtambile, utawaona watu wanarudi kutoka kitaluni na miche ya mikarafuu waliyogawiwa bure. Mwengine kaifunga nyuma ya baiskeli, mwengine kaipanga ndani ya karai kaibeba kichwani. Mvua inanyesha, udongo laini, kila mtu ana haraka ya kupanda. Pita tena mashambani humo mwezi wa Februari. Utakuta vijiti vikavu vimesimama kwenye nyasi, na vipande vya plastiki nyeusi vimezagaa chini.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi ni bwana shamba, na mwaka mmoja nilipanda miche 40 katika shamba alilotuachia baba. Mashimo yalikuwa mazuri, samadi nilitia, nafasi nilipima kwa kamba. Kaskazi, yaani kiangazi cha Disemba mpaka Machi, ilipokwisha nilihesabu iliyobaki hai: 11. Kitaluni hakukuwa na kosa. Kosa langu ni kwamba niliipanda kisha nikaiachia Mungu peke yake.

Mikarafuu yetu mingi ni mizee. Dhoruba ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotegemewa kwa karafuu za Zanzibar. Lakini mti nao huchoka. Ukifa mmoja linabaki pengo, na mche utakaoupanda hapo leo utaanza kukupa karafuu baada ya miaka sita hadi minane. Kwa hiyo mche ukikauka Januari, usiseme "si kitu, niliupata bure". Umeshapoteza mwaka mzima wa mavuno.

Hesabu ya kwanza, kabla hujakwenda kitaluni, ni ya maji. Mche mmoja wakati wa kaskazi unataka kama lita 5 kila baada ya siku tatu. Ndoo ya lita 10 basi ni ya miche miwili. Eka moja ukiipanda kwa nafasi ya mita 8 kwa 8 inabeba kama miche 60, yaani ndoo 30 kila siku tatu, kutoka kisimani mpaka juu ya kilima. Tusidanganyane: ndoo hizo mara nyingi huzibeba mama na watoto, na wiki ya tatu watachoka. Ukiwa na uwezo wa ndoo tano, chukua miche 10. Mwakani chukua 10 myengine. Najua hili haliwapendezi wanaopenda kuandika takwimu za miche iliyogawiwa, lakini shamba halijai kwa takwimu.

Kitaluni usikimbilie mche mrefu kuliko yote. Mara nyingi huo umekaa mno kwenye kiriba, yaani kile kifuko cheusi cha plastiki, na mzizi mkuu umefika chini ukajikunja kama mkia wa nguruwe. Mche wa namna hiyo utachipua vizuri masika yote kisha utadondoka kiangazi, kwa sababu mzizi haukushuka kutafuta maji. Chukua wa futi moja na nusu hivi, shina limenyooka, majani kijani kiza. Uliza pia kama umeshazoeshwa jua. Mche uliotolewa jana chini ya kivuli kizito hauwezi kupandwa leo juani. Ukae kwanza nyumbani wiki mbili tatu, ukifunuliwa kidogo kidogo.

Mahali: mgongo wa kilima au mteremko wenye udongo wa kina. Mkarafuu hautaki miguu kwenye maji, kwa hiyo usiushushe bondeni kwenye mpunga, na kwenye maweni usijisumbue. Kama pengo lenyewe limeachwa na mti uliokufa ghafla, majani yakageuka manjano na mti mzima ukakauka kwa muda mfupi, usirudie shimo lile lile. Kuna ukungu unaoua mikarafuu mikubwa kupitia mizizini. Ng'oa kisiki na mizizi yake, sogea mita kadhaa, na mwite bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako aangalie miti jirani.

Shimo ni futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini, lichimbwe mwezi mmoja kabla ya mvua. Udongo wa juu weka kando kwake, wa chini kando kwake. Ukirudishia, tumia ule wa juu uliochanganywa na karai mbili za samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Siku ya kupanda ngoja jioni au siku ya mawingu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwagia kiriba maji, ili bonge la udongo lisivunjike. Pasua plastiki kwa wembe kutoka juu hadi chini na uivue kama unavyovua ganda la ndizi. Ukivuta mche kwa shina utaacha mizizi midogo yote ndani. Fukia mpaka usawa ule ule uliokuwa kitaluni, si zaidi. Kwenye mteremko inua ukingo mdogo wa udongo upande wa chini, maji yanayoteremka yazuilike pale.

Sasa kivuli, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Jua linaloua mche ni la kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Chomeka makuti kuuzunguka, upande wa magharibi yawe mazito, wa mashariki uwe wazi kidogo ili upate jua la asubuhi. Makuti huoza, kwa hiyo panda na mgomba mita mbili kutoka kwenye mche, upande huo huo wa magharibi. Aliyeupanda mgomba wake mwaka mmoja kabla ya mkarafuu ndiye mjanja kuliko sote.

Muhogo nao usogeze. Najua shamba la eka tatu halitoshi kulisha nyumba na kungoja karafuu, na sikwambii uache kulima chakula. Lakini shina la muhogo lililo hatua moja kutoka kwenye mche, siku ya kuling'oa litakuja na mizizi ya mkarafuu. Acha hatua mbili kamili. Ndani ya duara hilo jembe lisiingie. Magugu yang'olewe kwa mkono. Ng'ombe wa kufunga naye apimiwe kamba yake, maana akigeuka mara moja tu mche umekwenda.

Vuli ikikata, kabla udongo haujakauka, tandaza majani makavu na makumbi ya nazi kuuzunguka mche, unene wa kiganja. Acha nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye shina, kwa sababu mchwa hupenda kupandia hapo. Kujua kama maji yanahitajika, fukua matandazo, chimba kwa kidole, chukua udongo uufumbate. Ukishikana, subiri kesho. Ukichuruzika baina ya vidole, leta ndoo. Mwagilia jioni, kwa kata, polepole, maji yazame badala ya kukimbia. Wenye kisima cha mbali watumie chupa ya lita 1.5: ikatwe kitako, kifuniko kitobolewe kwa sindano na kufungwa kitambaa kisizibe, kisha izikwe kichwa chini karibu na mche.

Masika yakirudi, hesabu iliyokufa na uijaze mwezi huo huo. Kaskazi ya pili mche utavumilia maji ya mara moja kwa wiki. Mwaka wa tatu anza kupunguza majani ya mgomba, na ukifika wakati wa kuuondoa, ukate usawa wa ardhi na uyakate machipukizi kila yanapotokea. Usiung'oe. Kufikia hapo mizizi yake na ya mkarafuu imeshashikana.