Kahawa chungu ya nyumbani, kuanzia buni mbichi mpaka kwenye kikombe

Mi kahawa nimeijua kwa kuitafuna kabla sijaijua kwa kuinywa. Kwetu Bukoba mgeni akiingia tu, hata habari za safari hajaulizwa vizuri, bibi ashamletea akamwani kwenye kikapu kidogo, zile kahawa zinazochemshwa na majani yenye harufu afu zinakaushwa na ganda lake, mgeni anachukua mbili tatu anatafuna na maongezi yanaanza hapo. Wazee zamani walichanjiana undugu kwa kahawa, maana tunda moja ukilipasua unakuta punje mbili zimelaliana, huyu anakula hii mwenzie ile, basi mshakuwa ndugu wa damu. Afu nikaja kuolewa Tanga, kwa watu ambao kahawa ni ya kunywa, chungu, na inatoka kwenye dele, lile birika la kahawa. Sa hizi niko Dar na nyumba yangu ina kahawa za pande zote mbili. Naulizwa sana hii ya dele tunaipikaje, nawaandikia.

Kwanza nunua buni mbichi, achana na unga wa paketi kama unaweza, kwa sababu kahawa ikishasagwa harufu inapotea haraka sana na kwenye unga hujui kimechanganywa nini. Mimi natumiwa robusta kutoka Kagera. Ukiwa Moshi, Mbinga au Mbozi utapata arabika, hiyo ni laini zaidi na ina kauchachu kwa mbali, ila kwa kahawa chungu mi nasimama na robusta, ina uzito mdomoni. Jua tu kwamba robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwahiyo vikombe vyake ni vile vidogo vidogo, sio kikombe cha chai.

Chukua nusu kilo, mwaga kwenye ungo, toa mawe na punje nyeusi au zilizotobolewa na wadudu. Hii kazi wape watoto, vidole vyao ni vyepesi na wanashindana nani katoa mawe mengi.

Sasa kukaanga, na hapa ndo kila kitu kinaamuliwa jamani, usiwe na haraka. Kaango zito la chuma, moto wa mkaa wa wastani, mwiko wa mbao, na ukishaanza kukoroga usiache hata simu ikiita, ukiacha tu zile za chini zinaungua na za juu bado mbichi. Mwanzo itanuka kama majani makavu, rangi inageuka njano, baadae inakuja harufu kama ya mkate ukiwa kwenye oveni, afu utasikia pa, pa, pa, punje zinapasuka kama bisi ila kwa sauti ya chini. Hapo ni kahawia na wengine wanaipua. Sisi tunaendelea kidogo mpaka mlio wa pili, huo ni mwembamba, kama vijiti vikavu vinavunjika, na punje zinaanza kung'aa mafuta. Ipua hapo hapo. Ukichelewa dakika mbili utakunywa masizi. Jumla inachukua kama dakika 15 mpaka 20. Mwaga kwenye ungo upete haraka ipoe, yale maganda membamba yatapeperuka yenyewe, afu iache ilale usiku mmoja kabla hujaisaga kwa sababu ikitoka motoni inakuwa na gesi nyingi.

Kinu na mchi ni vizuri, blenda pia sawa, ila washa na kuzima isipate moto. Twanga ya siku hiyo tu, zingine zikae kwenye kopo lenye mfuniko mzuri.

Kupika sasa. Lita moja ya maji, tangawizi saizi ya kidole gumba ipondwe, iliki tatu nne, chemsha dakika 10 kabla kahawa haijaingia. Ndo uweke kahawa vijiko vinne vikubwa vilivyojaa, punguza moto maana inapanda na kumwagika kama maziwa, iache itokote taratibu dakika 10 nyingine. Epua, nyunyizia maji baridi kidogo juu, mashapo yanashuka chini, subiri dakika tano ndo umimine kwenye dele. Huna dele, tumia chupa ya chai, ila chupa iwe ya kahawa peke yake.

Baba mkwe wangu akimaliza swala ya Magharibi anakaa kwenye mkeka na dele kwenye kajiko kenye makaa mawili matatu tu, anamimina kikombe cha kwanza, anakiangalia rangi kwenye mwanga, anakirudisha ndani ya dele, ndo anaanza kugawa kuanzia kwa mkubwa. Hapo hakuna TV. Mambo makubwa ya ile familia, mahari, viwanja, nani kagombana na nani, yote nimeyasikia yakiongelewa kwenye vile vikombe, na mimi mwenyewe siku ya kwanza nilivyopewa cha kwangu ndo nilijua nimepokelewa.

Sukari usiweke, utamu unatoka kwenye kashata au tende. Kashata ni rahisi, kikombe kimoja cha sukari iyeyuke kwenye sufuria mpaka iwe rangi ya asali, mwaga karanga vikombe viwili zilizokaangwa na kumenywa, iliki kidogo, geuza haraka, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta ukate ikiwa bado ya moto.

Watoto wadogo wape chai ya tangawizi kwenye vikombe hivyo hivyo vya kahawa, waone wako kwenye duara. Mjamzito anywe kidogo tu. Na mashapo ya chini usimpe mtu, acha yapoe, mimi namwagia kwenye migomba yangu miwili hapo nyuma.