Somo: Ripoti ya uendelevu itoke kabatini iende kwenye mita

Wanakikundi, habari za kazi. Juzi mwenzetu aliuliza afanye nini na ripoti ya uendelevu ya kiwanda chao, ile inayoeleza kampuni inavyotunza mazingira na jamii: karatasi nzuri, picha za watoto wakinawa mikono, na hakuna aliyeisoma kuanzia getini hadi stoo. Naijua ripoti hiyo. Niliwahi kushiriki kuiandika mahali fulani hapa hapa Tanga. Mshauri alishuka asubuhi, jioni akarudi Dar na takwimu zetu. Waja leo waondoka leo. Tuliandika kwamba "tumejizatiti kutumia maji kwa uangalifu", na wakati huo tangi la juu ya kantini linamwagika kwa nyuma, ukuta umeota ukungu wa kijani. Kijani tulichokuwa nacho ni hicho tu.

Hatua ya 1: Pitisha kalamu nyekundu. Soma ripoti ukitafuta vitenzi tu. "Tunathamini", "tunalenga", "tumejizatiti": kata. "Tumefunga", "tumepima", "tumebadilisha": acha. Usishtuke kinachobaki kikienea nusu ukurasa. Hapo ndipo mlipo.

Hatua ya 2: Kila ahadi iwe na mita, ankara au mizani. Watu wanatishwa na majina ya viwango. GRI ni viwango vya kimataifa vya kuandika ripoti hizi: GRI 303 ni maji, 305 ni gesi zinazotoka, 306 ni taka. IFRS S1 na S2, viwango vingine vya kimataifa vilivyotolewa Juni 2023, vinamjali zaidi mwekezaji: mambo ya uendelevu na tabianchi yatagusaje fedha za kampuni. Lakini sehemu kubwa ya majibu iko kwenye faili la mhasibu wenu: ankara ya maji, risiti za umeme wa LUKU, kitabu cha dizeli, vocha za gari la taka. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Jenereta inayokunywa lita 400 kwa mwezi imetoa zaidi ya tani 1. Hesabu hiyo anaifanya mtunza stoo kwa simu yake.

Hatua ya 3: Soma mita kiwanda kikiwa kimelala. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mimi nilipojifunzia kazi. Jumamosi saa sita mchana, watu wakishaondoka, soma mita ya maji na uipige picha. Jumatatu saa moja asubuhi, kabla bomba halijafunguliwa hata la kuoshea vikombe, soma tena. Namba zikilingana, mshukuru Mungu. Sisi tulikuta uniti 6 zimepita, yaani lita 6,000 ndani ya saa 43, na mlinzi alikuwa peke yake. Karibu lita 140 kila saa! Kwa mwaka ni zaidi ya uniti 1,200, na zote tulikuwa tunazilipia. Chanzo: boya la tangi lile la kantini. Mkono wake ulikuwa umeliwa na kutu, ukawa hausukumi tena valvu ikafunga. Fundi alibadilisha kabla ya chai ya saa nne.

Nawaambia pia maji hayo yanatoka wapi, kwa sababu ripoti yetu haikulitaja hilo kabisa. Yanatoka mto Zigi, unaoteremka kutoka milima ya Amani hadi bwawa la Mabayani. Huko juu kuna wakulima wanaoombwa wasilime kingo za mto ili maji yafike mjini yakiwa safi. Wao wanaacha shamba, sisi tunamwaga ukutani.

Hatua ya 4: Jina na tarehe. "Menejimenti itahakikisha" si jina. Andika fundi bomba, Ijumaa, na fedha zinatoka fungu gani. Yakikosekana hayo matatu, ahadi isiingie kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Anza na taka kubwa, si taka inayoonekana. Kwenye mkonge, singa, yaani nyuzi, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na mabaki yanayotoka korona, mashine ya kukamulia singa, kila siku ya kazi, halafu ripoti inazungumzia chupa za plastiki za ofisini! Mabaki yakirundikwa shimoni yakaoza bila hewa hutoa methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 inapasha joto karibu mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hiyo ikikamatwa ni nishati. Pale Hale, mkoani kwetu, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge. Si kila shamba lina mtaji huo. Kupima tani zinazotoka kwa siku, lakini, kunahitaji trekta, mizani na mtu mmoja.

MASWALI

Mwanakikundi wa Kiomoni: Shikamoo mwalimu. Sisi tunachoma chokaa. Bosi anataka kufunga sola ofisini kisha tuandike kwamba tumepunguza kaboni. Ni sawa?

Marahaba. Sola fungeni, ila msiiandike kuliko ilivyo. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa zikaiva hubaki kilo 56. Zile 44 zimeondoka kama kaboni dayoksaidi, hata tanuri lingewashwa kwa nishati gani. Hilo limo ndani ya jiwe lenyewe. Mnachoweza kupunguza ni kuni, na mawe yanayotoka mabichi yakarudishwa kuchomwa mara ya pili. Hesabuni hayo mawe kwa mwezi mmoja, kisha mwonyesheni bosi.

Dada wa Muheza: Sisi ni wadogo, tunauza viungo kwa msafirishaji mmoja. Hii inatuhusu kweli?

Inakuhusu kupitia kwake. Mnunuzi wa Ulaya anamuuliza yeye, naye atakuuliza wewe: unakaushia nini, kuni zinatoka wapi. Daftari la kuni, tarehe na mzigo, linatosha kuanzia.

Mwanakikundi wa Tanga mjini: Kampuni yetu ilipanda mikoko 2,000, tukapiga picha na bango. Ripoti ya mwaka huu tuandike nini?

Mwende mkahesabu iliyo hai, maji yakiwa yametoka. Miti ya mikoko ina aina nyingi; natabiri mlipanda ile inayoitwa mkoko wenyewe, kwa sababu mche wake mrefu ni rahisi kuchomeka topeni hata na mkurugenzi aliyevaa viatu vya ofisini. Lakini mbele kabisa, panapopigwa na bahari, kwa kawaida pana mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko ukipelekwa huko unang'olewa na mawimbi. Waulizeni wavuvi na kamati ya mazingira ya kijiji mlipopanda. Mkikuta 300, andikeni 300, na mwaeleze kwa nini 1,700 ilikufa.

Huyo huyo: Bosi atakubali kuandika 300?

Mpelekeni naye akahesabu. Chukueni ndara za ziada.