Unataka kuanza uhunzi? Kisu kisubiri, anza na ndoano

Wengi wakipata hamu ya uhunzi kitu cha kwanza kuwaza ni kisu, tena kile kikubwa cha kutisha, afu wanaanza kutafuta fuawe, kile chuma cha kufulia juu yake, ya bei mbaya. Vyote hivyo visubiri. Anza na ndoano ya umbo la S, ile ya kutundikia sufuria au taa, maana kale kadude kana kuchongoa, kukunja na kusoma rangi ya moto, na mwenye kujua hayo matatu kazi nyingine zinamjia zenyewe.

Fuawe yenyewe ni chuma kizito tu kisichoyumba. Kipande cha reli ya treni ukikisimamisha wima kwenye gogo kinapiga kazi vizuri kuliko ukikilaza, kwa sababu uzito wote unakuwa chini ya pigo. Urefu wake: simama wima mikono ikining'inia, kunja ngumi, uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Nyundo kilo moja inatosha, hata pungufu, ila pitisha grenda kingo zake ziwe za mviringo la sivyo kila pigo litaacha kovu kwenye chuma. Koleo usinunue kwanza, chukua fimbo ya chuma laini unene wa milimita 8 au 10, urefu kama sentimita 60, shika upande wa baridi basi.

Jiko: boksi la mbao, jaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, chimba shimo kama bakuli, pitisha bomba la chuma ubavuni karibu na chini, upepo upulizwe na draya ya nywele. Usiibane draya kabisa kwenye bomba, acha upenyo, upepo ukizidi unakula mkaa bure. Mkaa wa kawaida wa miti unafaa, uvunje vipande vidogo vidogo. Na hapa ndipo wengi tunapokosea, tunachomeka chuma chini kabisa kwenye mdomo wa bomba tukidhani ndo kwenye moto mkali, kumbe pale hewa ni nyingi mno, chuma kinatoka na magamba tupu. Rundika mkaa uwe na kina, kiganja kizima juu ya bomba, afu laza chuma katikati ya rundo.

Fanya haya yote nje, gesi ya mkaa haina harufu na inaua. Vaa pamba, sio nailoni inayoyeyukia mwilini, viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, miwani ya kukinga macho, na ndoo ya maji iwe karibu. Bomba au bolti iliyopakwa zinki usiiweke motoni kabisa, mimi niliwahi kuchoma moja kwa uvivu wa kutafuta nyingine, ukatoka moshi mweupe, usiku nikatetemeka kwa homa hadi asubuhi. Na chuma kinachounguza watu mara nyingi sio chekundu, ni kile kilichorudi kuwa cheusi na bado kina nyuzi 300 au 400 huko ndani, kwa hiyo kabla hujashika kitu sogeza mgongo wa mkono karibu usikie joto.

Haya, twende kazini. Kaa kivulini uone rangi vizuri, juani chuma chekundu kinaonekana cheusi. Subiri rangi ya chungwa. Ikikaribia nyeupe na kutoa cheche kama fataki, umeshakiunguza, kata hapo anza upya. Laza ncha ukingoni mwa fuawe, inua mkono wa nyuma kidogo, nyundo nayo ilale kidogo, piga, geuza robo mzunguko, piga tena, usizungushe ovyo. Ncha iwe ya pembe nne kwanza, kisha vunja zile kona iwe na pembe nane, mwisho ndo uifanye mviringo. Ukiruka hizo hatua ukakimbilia mviringo moja kwa moja ncha inapasuka katikati kama mwanzi. Rangi ikififia kuwa nyekundu ya giza acha kupiga, rudisha motoni, hakuna aliyekuwekea saa.

Ncha ikishatoka kunja kipembe kidogo kabisa mwishoni, afu pinda ndoano juu ya kipande cha bomba, kwa mapigo mepesi, unasukuma zaidi kuliko kupiga. Kata kwa msumeno kama sentimita 20, na sasa ndo utahitaji koleo au praya yenye mpini mrefu kufanya upande wa pili, ukielekea kinyume. Piga brashi ya waya kingali na joto, pakaa nta ya nyuki, itatoka nyeusi inayong'aa.

Fua kumi hivi. Baadaye kisu kikikuita tafuta springi ya gari, maana chuma laini hakiwi kigumu. Pasha moto hadi sumaku isikamate, ongeza kidogo tu, chovya kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa kidogo, kisha kitie ovenini nyuzi 200 kwa saa mbili, bila hivyo kikidondoka sakafuni kinaweza kuvunjika kama glasi.